Mwaka Baba Alipozikata Pedi za Shule

Juzi nilipita Kitengela kununua sponji ya viti vyangu vya jikoni. Muuzaji, mama mmoja mcheshi, alilaza kipande kirefu mezani, akachukua kile kisu chao kirefu na kuanza kukata. Sijui kama wewe umewahi kuisikia sauti ya sponji ngumu ikikatwa. Ni kama ng'ombe anatafuna polepole karibu na sikio lako. Kisha ikaja harufu, ya sponji mpya na gundi ya manjano, na miguu yangu ikakataa kusimama mahali pamoja. Nikatoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena. Yule mama akaniuliza, "Kwani uko na haraka?" Nikamwambia sina. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimerudi kwenye sakafu ya sebule yetu, mwaka ule nilipokuwa kidato cha pili, pedi za golikipa zimelala pale vipande vipande kama mbuzi aliyechinjwa, na mechi ni Jumamosi.

Tuliishi kati ya Kitengela na Kisaju, hatua chache kutoka barabara ya Namanga, enzi ambazo ungesimama mlangoni usione ukuta wa mtu. Mbele ya nyumba kulikuwa na karakana ya Baba, paa la mabati juu ya nguzo, na chini yake mifupa ya makochi ikisubiri kuvishwa nyama. Baba alikuwa fundi wa makochi, aliyetoka upande wa Nyeri akiwa kijana. Mama alikuwa Mmaasai wa Kisaju, na aliuza maziwa katika kibanda kando ya barabara. Mimi ndiye mtoto wao wa pekee. Malori ya saruji yalipita mchana kutwa mpaka vikombe vikalia kabatini. Mikokoteni ya punda ilileta maji, na kazi yangu ya kila jioni ilikuwa kukimbia na madebe kabla mkokoteni haujatupita. Miezi ile ya mwanzo wa mwaka, upepo wa uwanda ulipiga mabati kama mtu aliyekosa kufunguliwa mlango. Hakuna kitu kilichotulia pale kwetu, na kisichotulia kupita vyote kilikuwa Baba.

Baba alikunywa chai amesimama. Alianzisha sungura, akaanzisha uyoga, akaanzisha kisima ambacho kiliishia kuwa shimo la kutupia majani. Nyumba yetu ilipigwa plasta upande mmoja tu, ule unaotazama barabara. Makochi ya watu aliyamaliza, tena kwa ustadi, lakini ni pale tu mwenye kochi alipokuja kusimama juu ya kichwa chake. Mama alikuwa na msemo wake: "Kuanza hata kuku huanza." Aliusema bila hasira, akipepeta mchele, na Baba alicheka kuliko sisi wote.

Mimi nilimfuata yeye. Darasani nilikalia kiti kama kina siafu. Kwa hiyo golikipa wetu wa hoki, msichana mrefu wa kidato cha nne, alipomaliza shule, mwalimu wa michezo aliniangalia nikirukaruka kwenye mstari wa maji akasema, "Wewe. Tukuweke golini uchoke." Sikuchoka. Niligundua kwamba golikipa hasimami, anatetemeka mahali pamoja, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi niliyozaliwa nayo. Shida ilikuwa pedi. Zilikuwa za yule msichana mrefu na kabla yake za nani sijui. Zilinifika juu ya mapaja, sponji yake imekufa, mikanda imelegea. Nikikimbia zinageuka na kutazama nyuma. Mpira wa hoki ni mgumu kama jiwe, ndugu yangu, na ulikuwa umenipata kwenye mfupa wa mguu mara za kutosha.

Madam, ndivyo tulivyomwita yule mwalimu, alinipa gunia la vifaa Jumatatu nikazianike nyumbani na kukaza mikanda. Aliniinulia kidole. "Hizo ndizo pekee shule iko nazo. Zirudi vile zimeenda."

Jioni hiyo, tukila githeri, nikawaambia wazazi wangu, "Madam amenipa pedi za shule, lakini ni kubwa na zilikuwa za mtu mwingine." Kijiko cha Mama kilisimama hewani. Baba aliangalia dirisha kwa heshima. Ilinibidi nikimbie kulileta gunia ndipo wakaelewa, na Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. Kisha alizitazama zile pedi zilivyochubuka, akaacha kucheka. "Huu ni mchezo gani, mtu anasimama apigwe mawe halafu anasema asante?" Tangu mwanzo hakuupenda. Alikuwa ameona miguu yangu.

Baba alizizunguka, akazibonyeza kwa kidole gumba, akanivisha, akaniambia nitembee mpaka mlangoni. "Unatembea kama bata," alisema. Kisha akafanya kitu ambacho nakikumbuka mpaka leo: aliketi. Aliketi chini sakafuni, pedi mapajani mwake, akatulia kama mtu aliye kanisani. Nilipomwambia alichosema Madam, alinijibu bila kuinua macho, "Zitarudi. Zitarudi zikiwa pedi."

Akachukua kisu akazikata.

Alipunguza juu ya goti, akapasua turubai, akatoa sponji ya zamani ikamwagika kama makombo ya mkate mkavu. Alileta sponji ngumu ya makochi, ile isiyobonyea ovyo, akachora juu yake kwa chaki: hapa goti, hapa mfupa, hapa bawa la kando la kuzuia mpira usipenye kati ya miguu. Alinipima kwa utepe kama anayepima kochi la waziri. Siku mbili alifanya kazi ile, na nyumba ilijaa harufu ya gundi mpaka chai ikawa na ladha yake. Majirani walikuja kuchungulia. Kwa siku mbili nilikuwa na baba aliyekaa mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa miguuni pangu. Sijui kama furaha yangu ilikuwa ya pedi au ya hilo.

Jumatano asubuhi simu yake ililia. Rafiki yake alikuwa Entarara, kule karibu na Loitokitok, chini ya mlima, ameona shamba la kukodi lenye maji ya mfereji, nyanya zinakua zenyewe. Nilimwona Baba akisimama huku akisikiliza. Alizunguka meza, akatoka nje, akarudi. Kabla sijatoka kwenda shule alikuwa na begi dogo begani. "Nitarudi Ijumaa," aliniambia, akanigusa kichwa. "Usiguse kitu."

Basi vilibaki pale sakafuni: turubai limepasuliwa, sponji imechorwa, mikanda imeng'olewa, chaki, mkasi. Mama alifagia akivizunguka. Asubuhi anazunguka, jioni anazunguka, midomo imefungwa. Baba akipigiwa simu, hapatikani. Alhamisi nilipotoka shule nilishindwa kuvumilia. Nilichukua kamba ya katani nikaanza kufunga sponji miguuni, nikafunga, ikaanguka, nikafunga tena. Mama alinikuta nimekaa katikati ya vile vipande, kamba imenikata vidole. Alisimama mlangoni na debe la maziwa mkononi.

"Ukikosa hizi kitu, nini itafanyika?"

"Madam ataniua. Halafu hakuna golikipa mwingine."

"Si ni vizuri? Hutapigwa."

Niliirudia ile kamba. Nadhani alisoma jibu usoni mwangu, maana alitua lile debe, akavua viatu, akatoa simu akampigia mama yake.

Koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kimaasai, alifika kutoka Kisaju kabla ya jua kuzama, na fuko lake la shanga, msumari wake wa kutobolea ngozi, na ngozi kavu ya ng'ombe imekunjwa chini ya kwapa. "Sopa," akatusalimu, akavitazama vile vipande kama anayetazama ndama aliyezaliwa vibaya. Wazo lake la kwanza lilikuwa tuvishe kila kitu kwa ile ngozi. Tulijaribu. Ilikuwa ngumu kama bati, na nilipotoka nje kujaribu kutembea, mbwa wa jirani walinifuata wakiramba midomo. Koko mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Wazo la pili lilikuwa kukata mikanda kutoka ngozi hiyohiyo, kuipaka mafuta na kuisokota, na hilo lilikuwa la maana. Alikaa mlangoni kwenye mwanga akikata na kusugua, akiimba puani.

Mama alikaa kwenye cherehani ya Baba. Sikuwahi kumwona amekaa pale. Alirekebisha kiti, akakirudisha, akakirekebisha tena. Kisha alichukua sponji, akafuata alama za chaki kwa kidole: hapa goti, hapa mfupa, hapa bawa. Alifuata mstari mmoja polepole hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Alama zake ziko sawa," alisema. Alikuwa akisema na sponji. "Huyu mtu anajua. Shida yake si kujua."

Walishona wote wawili mpaka chakula kikasahaulika jikoni na tukala ugali ulioungua chini, na Ijumaa nilipotoka shule nilikuta wanaendelea. Sindano zilivunjika kwenye turubai. Mama alishona bawa la kushoto kinyume, akalifumua huku akimsema mtu ambaye hakuwepo. Nilikata, nilishikilia, nilipaka gundi, nilipeleka chai. Koko alitoboa matundu na kupitisha mikanda yake, akaipishanisha nyuma, kwenye shavu la mguu, kama Baba alivyokuwa amechora, na mwishoni, bila kuuliza mtu, akaongeza duara dogo la shanga nyekundu kwenye kila kifundo. Alipomaliza alinipiga kofi la upendo mgongoni. "Simama."

Nilisimama. Nilikimbia mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Hazikugeuka. Nilipiga magoti, nikainuka. Nilihisi kama nimepewa miguu mingine.

"Sasa tujue kama zinafanya kazi," Mama akasema. Tuliweka fremu mbili za makochi uani ziwe goli. Akachukua kigongo changu cha hoki. Hakujua kukishika; alikishika kama anayetaka kuua nyoka. Akapiga mpira wa kwanza, ukaviringika hadi kwangu kama yai. Nikaurudisha kwa mguu. Akapiga wa pili, nao wa huruma. Koko alikuwa ameketi juu ya kochi lisilo na kitambaa, anatutazama.

Ndipo simu ya Mama ikalia mara moja, ujumbe. Aliusoma. Alitusomea mimi na mama yake kwa sauti ya kawaida kabisa: "Shamba ni nzuri sana. Nitakuja wiki ijayo."

Aliirudisha simu kwenye leso, akaweka mpira mbele yake, akapiga.

Ule haukuwa wa huruma. Ulipita kwenye vumbi chini chini na kunipata kwenye mfupa wa mguu wa kulia, mahali pale pale palipokuwa na alama ya bluu ya wiki iliyopita. Nilisikia tu "pu", sauti nzito, tulivu. Hakuna maumivu. Nikaurudisha. Akapiga tena. Akapiga tena. Aliacha kunitazama usoni, alitazama mpira tu. Alipiga uyoga, alipiga sungura, alipiga ule ukuta usio na plasta, nami niliuona kila mmoja ukija na nikauzuia, kushoto, kulia, kwa goti, kwa bawa. Upepo ulimvua kitambaa cha kichwa na hakukiokota. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilielewa kwamba nikiuacha hata mmoja unipite, kuna kitu kitavunjika ambacho si pedi.

"Tapala," Koko akamwambia kwa Kimaasai, acha sasa. Akarudia kwa sauti ya chini, "Tapala, nakerai," acha, mwanangu.

Mama alisimama akihema. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, akabonyeza pedi kwa kidole gumba, vile Baba alivyofanya.

"Imekuuma?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

"Basi." Akaokota kitambaa chake, akakikung'uta vumbi, akaenda kupika.

Mechi ilichezwa Kajiado mjini, kwenye uwanja usio na nyasi hata ya kumdanganya mbuzi. Madam aliniona nikivaa, akaja, akainama. Alizitazama pedi, akatazama shanga, akanitazama mimi. "Hizi ni zile zetu?" Nikasema ndiyo. Alifungua mdomo, na refa akapuliza filimbi, na mpaka leo namshukuru yule refa.

Tulifungwa mapema. Nilitoka golini kwa pupa, mpira ukapita kando yangu, nami nikabaki nimelala kwenye vumbi nikisikia wapinzani wakishangilia. Baada ya hapo sikupitwa tena. Mama alikuwa amekuja, mara yake ya kwanza, na chupa ya chai na Koko kando yake, na kila mpira ulipogonga pedi nilimwona akifumba macho kisha akifumbua.

Wakati wa mapumziko nilikuwa nimeketi pembeni, kikombe mkononi, nilipoona viatu vyenye udongo mwekundu mbele yangu. Baba. Begi bado begani, macho mekundu kwa safari.

"Si ulisema wiki ijayo?" Mama akamuuliza.

"Nilifika kule nikashindwa kutulia," Baba akasema, na alionekana mwenyewe kushangaa. Tayari alikuwa amepiga magoti miguuni pangu. Alipitisha mkono juu ya mshono, juu ya mikanda ya Koko, akageuza bawa la kushoto, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Kisha vidole vyake vikaenda kwenye fundo. "Lakini hapa, nimefikiria njia ingine. Tukifungua hii kidogo..."

"Usiguse," Mama akasema.

"Ni kidogo tu, nataka..."

"Baba yake. Usiguse. Hiyo imeisha."

Hakupaza sauti. Lakini Koko aliacha kunywa chai. Baba alibaki pale na mkono hewani. Nadhani alikuwa akitafuta mzaha, alikuwa nao siku zote, na safari hii hakuupata. Polepole aliondoa mkono. Alirudi nyuma, akaketi chini kwenye vumbi kando ya Mama, akakumbatia magoti yake. Kipindi chote cha pili hakuinuka. Wapinzani walipopata kona ya penalti na mpira ukaja kama risasi, nikautupia mguu wa kushoto na bawa likautoa nje, nilisikia uwanja ukipiga kelele, nikageuka. Mama alikuwa amesimama amejishika kichwa. Baba alikuwa ameketi vilevile, analia.

Tulishindwa kwa lile bao moja. Kwenye basi la shule Madam alikuja akaketi karibu nami, pedi mapajani mwake, akavuta mkanda mmoja mpaka mwisho aone nguvu yake. "Nilisema zirudi vile zimeenda," alisema. Nikainamisha kichwa. "Mwambie aliyeshona hizi, bado kuna kinga ya kifua."

Baba alilima nyanya Entarara msimu mmoja, kisha akahamia vitunguu, kisha pikipiki. Alikuja na kwenda kama mvua ya kwetu. Hata hivyo plasta ya nyumba aliimaliza, mwaka uleule, pande zote, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Siku hizi yuko Loitokitok, amezeeka, hunipigia simu kunieleza juu ya samaki wanaoweza kufugwa kwenye turubai. Koko tulimzika Kisaju. Kile kiwanja chetu kiliuzwa, na mahali palipokuwa na karakana pana ghorofa lenye geti na mlinzi. Pundamilia waliokuwa wakija kula karibu na mbuzi wa Koko wakati wa kiangazi, sijui kama watoto wa sasa wanaamini walikuwepo. Shule ina vifaa vipya, vyepesi, vya rangi. Niliuliza juu ya zile pedi, na hakuna mtu aliyejua ninasema nini. Labda zilichomwa na takataka. Labda kuna mbwa aliyezila, kwa sababu ya mikanda.

Mama anaishi mjini Kitengela sasa, ghorofa ya tatu. Siku ile niliponunua sponji nilipanda kumsalimia. Tulikunywa chai, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi la ujenzi. Nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: siku ile uani, hakuogopa kuniumiza?

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini kesho yake ungepigwa na watu hawakujui. Nikaona heri nikupige mimi kwanza."

Akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Na hizo magoti? Zinauma wakati wa baridi?"

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Hazijawahi kuuma."